Barua kwa Mwanangu Kuhusu Bastola Inayokwama

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila vumbi la kiangazi limetuzidi. Barua yako nimeisoma, na nimeelewa kwamba bastola uliyoikatia leseni kwa ajili ya safari zako za soko la mahindi la Kibaigwa inakwama, na kwamba kuna mtu amekushauri uipige msasa kwa ndani au uiuze. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kabla hujajua inakwamia wapi. Mimi mama yako nimetunza ghala la silaha hadi nastaafu, na msasa nimeuona ukiharibu bastola nyingi kuliko ulizoponya.

Bastola mpya ya milimita 9 hutoka kiwandani na springi ngumu na vyuma ambavyo bado havijazoeana, na mara nyingi imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, ambayo hayafai kulainishia. Toa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ni tupu, ndipo uifungue, uifute yote, na uweke tone dogo la mafuta ya silaha pale tu chuma kinaposuguana na chuma, hasa kwenye reli za slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele. Huku kwetu Dodoma usiimwagie mafuta, kwa sababu vumbi hili likishakutana nayo hugeuka tope linalosaga.

Kisha uizoeshe, kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika na chini ya msimamizi, si shambani. Kampuni ya Kahr ya Marekani huwaeleza wateja wake kwamba bastola yake isihesabiwe kuwa ya kutegemewa kabla haijafyatua risasi 200. Najua risasi ni ghali, lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa kuhusu kukwama. Slaidi ikirudi mbele husukuma risasi ya juu kutoka kwenye magazini. Ncha yake hugonga kimteremko kilicho chini ya mdomo wa chemba, huinuka, huingia, na kitako chake hunasa kwenye kikulabu cha kuvutia ganda. Yote hayo hufanyika kufumba na kufumbua, na chanzo cha hitilafu, kwa nilivyoona mimi, mara nyingi ni magazini. Kwa hiyo ziandike magazini zako namba 1 na namba 2 kwa rangi, na uwe na daftari. Kila inapokwama, elekeza mtutu kwenye tuta la udongo linalozuia risasi uwanjani, ondoa kidole kwenye kifyatuo, na kabla hujagusa kitu tazama: je, ncha imegota kwenye kimteremko, au imeelekea juu mno? Ni risasi ya kwanza ya magazini iliyojaa, au ni ya mwisho? Andika namba ya magazini, aina ya risasi na ulichokiona. Ikiwa ni namba 2 peke yake inayokwama, bastola haina kosa. Midomo ya magazini hiyo imepinda au springi yake ni dhaifu, na dawa yake ni kununua nyingine.

Ikiwa zote mbili zinakwama, badilisha risasi. Anza na zenye ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba, za gramu 8 hivi, kwa kuwa ndizo zinazopanda kimteremko kwa urahisi. Zile zenye tundu kwenye ncha zisubiri mpaka bastola izoee. Risasi yenye nguvu ndogo haiwezi kubana springi mpya hadi mwisho, na hapo slaidi hurudi mbele bila kuokota risasi inayofuata. Mkono uliolegea nao huleta hali ileile, kwa sababu bastola yote hurudi nyuma pamoja na slaidi. Mwombe msimamizi afyatue magazini moja. Kwake isipokwama, kaza kifundo cha mkono wako.

Mambo mawili usiyafanyie haraka. Ukivuta kifyatuo na risasi isilipuke, acha mtutu ukielekea kwenye tuta kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, simama kabisa, ondoa risasi zote na ukague mtutu, kwani huenda risasi imekwama ndani, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako.

Ukishafikisha risasi 200 na bado inakwama kwa magazini zote na kwa risasi nzuri, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni, pamoja na magazini zote mbili na lile daftari, maana fundi asiye na maelezo ataanza kukisia. Hicho kimteremko akiguse yeye, wewe usikiguse. Na hadi ipite risasi 100 za mwisho bila kukwama hata mara moja, iache kwenye sefu, na fedha za mahindi uzilipe kwa benki.

Mama yako