Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, na wageni mliokuja kutusikiliza: itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida za klabu yetu ya michezo ya mezani mnazifahamu, sitazirudia kwa kirefu. Tulikutana Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, isipokuwa masika yalipoingiza maji ukumbini. Siku ya kufundisha wageni ilifanyika. Kabati limewekwa kufuli jipya. Vijitabu vya kanuni vimepewa namba na orodha iko kwa Katibu. Anayedaiwa kijitabu anajijua.

Niingie kwenye jambo ambalo naamini ndilo lililowaleta wengi wenu leo, maana vikao vingine hamkuonekana.

Mkutano Mkuu uliopita uliazimia tununue majeshi mawili ya vinyago vya plastiki, yaani askari wadogo wa kuchezea vita vya mezani, kutoka kwa mtengenezaji mkubwa wa ng'ambo. Makadirio yalikuwa shilingi 1,150,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Mwezi Machi ununuzi huo ulisitishwa, na fedha kidogo iliyokuwepo ikaelekezwa kwenye kujaribu michezo ya watunzi huru: ya vita vya mezani mchana, na visa vya kutisha jioni, ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimulizi huongoza. Imesemwa humu kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Kamati ilikaa, muhtasari upo, na katiba yetu inaruhusu kusitisha ununuzi wowote pale makusanyo yanapokuwa chini ya nusu ya makisio. Kufikia Machi yalikuwa chini ya robo. Wanaolalamika zaidi kuhusu majeshi yale wengi wao wamo kwenye orodha ya wasiolipa ada, ambayo nitaifikia.

Hata fedha ingekuwepo, plastiki ina mambo yake. Vinyago hufika vikiwa vipande kwenye fremu, vinahitaji koleo la kukatia, gundi maalumu, rangi ya msingi, kisha rangi zenyewe. Rangi ya msingi ya kupuliza haipendi hewa yetu ya pwani. Unyevu ukiwa mwingi hutua kama unga, na uso wote wa kinyago unapotea. Tena kanuni za kampuni kubwa hubadilishwa kila baada ya miaka michache, ukalazimika kununua kitabu upya. Tungekuwa na masanduku mawili kabatini na hakuna anayecheza.

Tulichofanya badala yake ni kuchagua michezo kwa vigezo vitatu: kanuni ziwe za bure au bei nafuu, kila upande usizidi vinyago kumi, na pambano liishe ndani ya saa mbili kwa kuwa ukumbi unafungwa mapema.

Mchezo uliofanya vizuri kuliko yote ni Song of Blades and Heroes, wa Mwitaliano Andrea Sfiligoi, uliotoka 2007. Kikosi kina pointi 300 na kila mhusika ana namba mbili tu za kukumbuka, ubora na uwezo wa kupigana. Uzuri wake uko kwenye zamu. Ukitaka mhusika atende, unachagua mwenyewe kurusha dadu moja, mbili au tatu. Kila dadu inayofikia ubora wake inampa tendo moja, lakini dadu mbili zikishindwa, zamu inahamia kwa mpinzani hata kama wenzake hawajagusa kitu. Mhusika mwenye ubora wa 4 akirusha dadu tatu, nafasi ya kupoteza zamu ni nusu kwa nusu. Akirusha mbili ni robo. Mwenye ubora wa 3 akirusha tatu ni kama asilimia 26, akirusha mbili ni 11. Dadu moja haiwezi kukupotezea zamu hata kidogo. Wageni wengi hurusha tatu kwa kila mtu, tena huanza na wahusika dhaifu, halafu wanasema mchezo una bahati mbaya. Utaratibu ni huu: anza na mwenye ubora mzuri, yaani namba ndogo, mpe dadu mbili, tunza tatu kwa ajili ya tendo litakaloamua pambano, na mdhaifu mwache mwisho.

Gaslands wa Mike Hutchinson (2017) tuliupokea kwa sababu unatumia vigari vya watoto vya kipimo cha 1:64, na vigari hivyo wamachinga wanavyo. Timu ni ya makopo 50, yaani fedha ya mchezo wenyewe. Gari la kawaida ni makopo 12, basi ni 30. Kila mzunguko una awamu sita za gia, na gari lililo gia ya tano linatembea katika awamu tano za kwanza wakati lililo gia ya pili limeshasimama. Ndiyo maana kila mtu hukimbilia gia za juu, kisha tokeni za hatari zinafika sita, gari linapoteza mwelekeo, pengine hata kubingirika, na kurudi gia ya kwanza katikati ya maadui. Tatizo letu halikuwa kanuni, lilikuwa vipimo vya njia, yaani violezo vinavyowekwa mezani kuonesha gari linapita wapi. Vilivyokatwa kwa mkasi kwenye karatasi laini vilipinda, na tofauti ya milimita mbili mwanzoni mwa kona inakuwa ya sentimita nzima mwishoni. Sasa vimebandikwa kwenye vifuniko vya faili vya plastiki na kukatwa kwa wembe na rula. Basi la timu ya Katibu limechorwa mistari ya daladala. Nimeliruhusu.

Kuhusu vinyago vya karatasi, ambavyo baadhi yenu mmeviita kazi ya chekechea, naomba nieleze vinavyotengenezwa, kwani walioviita hivyo hawakuhudhuria siku ya kuvitengeneza. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hujikunja siku ya pili. Tumia manila ya gramu 200 hivi. Chapisha kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa maji huchuruzika vidole vikitoka jasho. Ubaya wa leza ni kwamba wino wake hupasuka kwenye mkunjo. Kwa hiyo kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari, kwa rula, mara mbili. Paka gundi nyeupe kidogo sana, kunja mbele na nyuma, kandamiza chini ya kitabu kizito kwa dakika ishirini, ndipo ukate. Ukikata kabla ya gundi kukauka, karatasi mbili zinatelezana na kichwa kinakuwa na pua mbili. Kingo nyeupe zipakwe maka peni nyeusi, bila hivyo kinyago hakisomeki ukiwa umekaa. Mwisho kigawe kipande cha chini kiende mbele na nyuma, ukibandike kwenye washa ya chuma ya upana wa milimita 25 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Washa si urembo. Bila uzito huo pangaboi la ukumbini linaangusha jeshi zima. Vikosi vyote tunavyomiliki leo vimetoka katika utaratibu huu, ambao niliuandika mimi na kuugawa bila malipo.

Nije kwenye jioni za kutisha. Hapa mahudhurio yalikuwa makubwa, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Ten Candles wa Stephen Dewey (2015) unachezwa gizani kwa mishumaa kumi midogo ya vikombe vya bati. Wachezaji wanaanza na dadu kumi za pande sita. Wakipata angalau 6 moja wamefaulu, kila 1 inaondolewa hadi onyesho liishe, na wasipopata 6 yoyote mshumaa mmoja unazimwa. Onyesho linalofuata dadu zinarudi, lakini kwa idadi ya mishumaa iliyobaki. Dadu kumi zinakupa nafasi ya asilimia 84, tano 60, moja 17. Mwisho wote wanakufa, hilo linajulikana tangu mwanzo. Mshumaa ukizimwa na upepo hauwashwi tena, umehesabika. Kwa hiyo pangaboi lazima lizimwe, na ukumbi wetu bila pangaboi mwezi Februari ni tanuri. Tulilazimika kuuhamishia Juni na Julai. Kadi za sifa huchomwa moto wakati wa mchezo: bakuli liwe la chuma, lenye mchanga chini, mbali na mapazia. Sufuria ya plastiki aliyoileta mwanachama mmoja ilikataliwa mlangoni.

Dread unatumia mnara wa Jenga, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu, badala ya dadu. Kila jambo gumu, unavuta kipande, na mnara ukianguka mhusika wako ametoka. Mnara huo una undugu na sisi: mbunifu wake Leslie Scott alizaliwa Tanganyika, vipande vya mwanzo vilitoka kiwanda cha mbao Takoradi nchini Ghana, na akauzindua London mwaka 1983. Tulimpa fundi seremala atutengenezee vipande 54. Alivipiga randa vikawa sawasawa kabisa, na hapo ndipo kasoro ilipokuja, kwa sababu mnara mzuri unahitaji vipande vilivyopishana kidogo ili vingine vilegee na vingine vibane. Wa kwetu ulibana wote. Tiba ilikuwa kupitisha msasa laini kwenye theluthi moja ya vipande, upande mmoja tu, kisha kupaka poda ya mtoto na kuuhifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, kwani unyevu huvimbisha mbao.

Mothership, mchezo wa visa vya kutisha vya angani, tuliujaribu kwa kisa cha karatasi moja inayokunjwa sehemu tatu. Msongo wa mhusika unaanza 2 na kupanda kila anaposhindwa. Kwenye taharuki anarusha dadu ya pande ishirini, na isipozidi msongo wake, amevurugikiwa. Wasimulizi wetu waliita taharuki kila dakika kumi ikapoteza makali. Iitwe mara chache, msongo ukishafika sita au saba. Tafsiri ya kanuni hizo kwa Kiswahili niliifanya mimi.

Kabla ya kila kisa, mchezaji huandika kwa siri jambo asilotaka litajwe, na msimulizi hukusanya vikaratasi. Majini yaliandikwa mara nyingi. Uamuzi wa kuyaondoa usiku nao umelalamikiwa. Unabaki.

Sasa ada. Tuko 41 kwenye daftari, waliolipa shilingi 48,000 ni 19. Wasiolipa ni 22, deni lao ni 1,056,000, na tisa kati yao hawakukosa jioni hata moja ya kutisha. Wanakuja mishumaa ikiwa imeshawashwa, wanakunywa chai, wanaondoka kabla ya kupanga viti. Mchana wa michezo ya vita tulikuwa wastani wa watu tisa. Mkutano wa nusu mwaka haukufikia akidi.

Mapato: ada 912,000, viingilio vya wageni 265,000, salio la mwaka jana 340,000, jumla 1,517,000. Matumizi: ukumbi 720,000, vifaa vya majaribio 386,500, chai na vitafunwa 148,000, mengineyo 57,500, jumla 1,312,000. Salio 205,000. Anayedai tungeweza kununua yale majeshi aoneshe hesabu yake hapa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi wenye hewa zaidi, kujaribu mchezo wa vita Trench Crusade iwapo atapatikana wa kuuongoza, na kutafsiri kanuni nyingine kadiri muda utakavyoruhusu. Suala la majeshi ya plastiki linaweza kuletwa tena wakati muafaka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti