Dada, isaini fomu ya binti yako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Iowa haijawaingia sana.

Nimelifikiria neno lako la Jumapili, kwamba hukuvuka bahari ili mwanao akafundishwe kushika jembe. Kwenye simu nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ulikuwa umetoka kazini umechoka. Lakini mimi ndiye mjomba wa huyu binti, na mjomba naye ana neno lake. Naliandika hapa hadharani maana hauko peke yako. Wazazi wenzetu wa Tanzania, Kongo na Burundi wananiuliza jambo hilohilo: mtoto kaja kutoka shuleni na karatasi ya FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo hapa Marekani, sasa tufanyeje?

Isaini, dada.

Najua jembe unalolikumbuka. Shule tuliyosoma, shamba lilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa namba, shambani. Ukikutwa unaongea kilugha, shambani. Tulilima, tukapalilia, tukavuna, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua yale mahindi yaliuzwa kwa nani wala kwa bei gani. Tuliambiwa hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea. Nimeisoma upya hati ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, na nakuambia kwa uchungu kwamba sicho alichoandika. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua shamba lao liendeshwe vipi, hesabu ziwekwe sawasawa, na watoto wayaone kwa macho yao matunda ya kazi yao. Sisi tulipewa jembe, daftari la hesabu likabaki ofisini.

Hilo daftari ndilo binti yako anakwenda kukabidhiwa. Somo la kilimo katika shule za huku lina sehemu tatu zinazokwenda pamoja. Kuna darasa lenyewe. Kuna mradi ambao kila mwanafunzi anauchagua na kuusimamia mwenyewe, mwalimu akimfuatilia, na anaandika saa alizofanya kazi, fedha alizotumia, alizopata na alichojifunza. Sehemu ya tatu ni FFA, chama cha wanafunzi wenyewe. Wazo la kuunganisha darasa na kazi ya mikono ni la zamani: sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917, iliyoleta fedha za serikali kuu kwa ajili ya kufundisha kilimo sekondari, ilidai kila mwanafunzi afanye kazi ya vitendo kwa miezi 6 ya mwaka, si pungufu. Vyama vya wanafunzi vikafuata. Huko Virginia, mwalimu Henry Groseclose na wenzake walikuwa wamechoshwa na kuona vijana wa mashambani wakijiona duni mbele ya vijana wa mjini, wakaanzisha chama chao katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1928 wanafunzi 33 kutoka majimbo 18 wakakutana Kansas City na kuunda Future Farmers of America, yaani Wakulima wa Baadaye wa Marekani. Jina hilo refu liliachwa mwaka 1988, zikabaki herufi tatu, kwa sababu wanachama hawakuwa tena wakulima watarajiwa peke yao. Leo wamepita milioni 1.

Uliuliza atalima wapi, na nyinyi mnaishi ghorofa ya tatu bila hata kibaraza cha maana. Hana haja ya ekari. Anaweza kufanya kazi ya muda kwenye duka la maua au kwa daktari wa mifugo, ikahesabika. Anaweza kufanya utafiti wa udongo au wa chakula. Anaweza kuotesha mboga kwenye banda la kioo la shule kama wanalo. Lililo la lazima ni kwamba kazi iwe yake na hesabu zake zisomeke.

Lakini dada, kama ingekuwa hayo tu nisingekuandikia barua ndefu hivi. Nataka uende ukaone mkutano wao. Omba ruhusa, ukae nyuma, utazame.

Mwenyekiti ni mtoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Anagonga nyundo ya mbao mara mbili, mkutano unaanza. Akigonga mara tatu, wote wanasimama. Mara moja, wanakaa. Halafu makamu wake anawaita viongozi wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja anaeleza kwa sauti amekaa kwenye alama gani na kwa nini. Mwenyekiti yuko chini ya jua linalochomoza, makamu wake yuko kwenye plau, katibu kwenye hindi, mwandishi wa habari kwenye bendera, mlinzi yuko mlangoni kuwakaribisha wageni. Mweka hazina yuko kwenye picha ya George Washington, na anaeleza kuwa anatunza hesabu kama Washington alivyozitunza hesabu za shamba lake. (Shamba lile lililimwa na watumwa weusi. Binti akifika hapo mkumbushe, na usimwachie mwalimu peke yake kazi hiyo.) Mwalimu, ambaye ni mlezi wa tawi, yuko kwenye bundi. Usishtuke. Kwetu bundi akilia juu ya paa bibi hakupata usingizi. Kwao ni alama ya hekima.

Baada ya hapo kazi inaanza. Mtu anatoa hoja, mwingine anaiunga mkono, wa tatu anataka irekebishwe, wanajadili marekebisho kwanza, wanapiga kura, ndipo wanarudi kwenye hoja yenyewe. Aliyeshindwa anakubali, anakaa, mkutano unasonga. Wana hata mashindano ya kuendesha mikutano, timu kwa timu, waamuzi wakiwapa alama. Wewe na mimi tumekaa kwenye vyama vyetu vya huku ughaibuni. Tumeona mkutano wa saa nane ukianza saa kumi na moja, michango ya msiba isiyojulikana iko mfukoni kwa nani, watu wazima wenye shahada wakinuniana miaka kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kupinga hoja bila kumpinga mtu. Nikawatazama wale watoto, nikaona wanajua kitu ambacho sisi hatukufundishwa.

Na kuna kuzungumza. Wanaoanza wana shindano lao: wanakariri kanuni ya imani ya chama, aya tano, zilizopitishwa mwaka 1930. Mtoto anasimama peke yake mbele ya waamuzi, hana karatasi mkononi, anazitamka zote. Akimaliza, waamuzi wanamuuliza maswali: ulisema unaamini hivi, una maana gani? Uliniambia mwanao akiulizwa jambo darasani anatazama chini, na kwamba walimu wanadhani hajui. Sijaona dawa ya hilo iliyo bora kuliko hii.

Sasa nirudi kwenye jembe lako. Dada, sisi tayari tumo kwenye kilimo cha Marekani, tumo sana. Wewe unasimama zamu nzima ukichambua mayai. Wenzetu wengi wa Kongo na Burundi hapo Iowa wameshika visu kwenye viwanda vya nyama, viganja vimevimba, ubaridi umewaingia mifupani. Mnaishi katika jimbo linaloongoza nchi nzima kwa mahindi na kwa nguruwe. Kila mshahara unaolipa kodi ya nyumba mtaani kwenu, ukiufuatilia, unatoka shambani. Tunachokosa ni watu wetu kwenye vyumba vya juu: mkaguzi wa nyama, daktari wa mifugo, mtaalamu wa mbegu, afisa wa benki anayejua mkopo wa shamba unavyopimwa, mwanasheria wa ardhi, mwenye kiwanda. Nafasi hizo zinaanzia kwenye darasa hilohilo unalotaka kumtoa mwanao. Ukimwondoa kwa kuwa unaogopa atashika jembe, hutakuwa umemtoa kwenye kilimo. Utakuwa umemfungia mlango wa mbele na kumwachia ule wa nyuma, ambao sisi tuliingilia.

Hofu yako nyingine hukuitaja, lakini niliisikia. Atakuwa mweusi peke yake kwenye chumba. Inawezekana kabisa. Chama hiki bado kina sura ya wazungu wa mashambani, na sitakudanganya kwamba kila mtu atampokea vizuri. Ila nataka ajue kabla hajaingia kwamba haingii nyumba ya watu.

Kwenye shule za Kusini zilizotengwa kwa rangi, watoto weusi hawakukubaliwa FFA, wakajenga chama chao. Nacho kilianzia Virginia, na mwaka 1935 kikawa cha kitaifa kwenye mkutano uliofanyika Tuskegee, Alabama. Kiliitwa New Farmers of America, NFA, yaani Wakulima Wapya wa Marekani. Makoti yao yalikuwa ya kodrai nyeusi, na penye hindi kwenye nembo ya wenzao, wao waliweka pamba. Walikuwa na hotuba zao, viongozi wao na mikutano yao mikuu. Mwaka 1965, nchi ikiwa imetoka kupitisha sheria ya haki za kiraia, vyama viwili viliunganishwa. Wanachama takriban 50,000 wa NFA waliingizwa FFA, na jina, nembo, makoti na nafasi zao za uongozi vikaachwa nyuma. Iliitwa kuungana, lakini mmoja alimezwa. Idadi ya vijana weusi ikaporomoka, na pengo hilo halijazibwa hadi leo. Wasichana nao walikuwa nje. Wajumbe walipiga kura ya kuwafungulia mlango mwaka 1969 tu, na leo wamekaribia nusu ya wanachama.

Kisha mwambie habari ya George Washington Carver, maana huyu ni wa Iowa yenu. Alizaliwa utumwani Missouri, akaja kusoma Simpson College pale Indianola, halafu akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo cha kilimo cha Ames, kinachoitwa sasa Iowa State University, na akafundisha hapohapo. Mwaka 1896 akaenda chuo cha Tuskegee, akakaa huko akiwafundisha wakulima maskini kuurudishia udongo nguvu mpaka alipofariki mwaka 1943. Kwa hiyo NFA ilipoundwa Tuskegee, mzee huyo alikuwa angali hai, yuko hapohapo chuoni. Kutoka Ames hadi Tuskegee na kurudi kwenye darasa la mwanao kuna njia moja, na watu weusi waliipita kabla yake.

Wapo pia wa karibuni. Mwaka 1994 Corey Flournoy, kijana mweusi aliyetoka shule ya sayansi ya kilimo ndani ya jiji la Chicago, alichaguliwa kuwa rais wa FFA nchi nzima. Mwaka 2017 alichaguliwa Breanna Holbert kutoka California, mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwonyeshe picha zao.

Kuhusu dini, umeuliza vyema na ni haki yako. Nguruwe Iowa hawakwepeki, atawasikia darasani wakitajwa kila wiki. Lakini mradi anauchagua mwenyewe, na mashindano yako mengi yasiyohusu mnyama hata mmoja: hotuba, maua, misitu, udongo, hesabu za biashara ya shamba. Zungumza na mwalimu mapema, umwambie wazi mtoto hatagusa nini na kwa nini. Na hijabu haina tatizo. Taratibu za sare za chama zinaruhusu vazi la dini kuvaliwa pamoja na sare rasmi, kwa hiyo atavaa hijabu yake na koti la buluu la kodrai lenye jina lake kwa uzi wa dhahabu kifuani na jina la jimbo mgongoni.

Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba makoti hayo yanafunika hapa kwetu Indianapolis. Mkutano mkuu wa taifa huleta makumi ya maelfu ya vijana, na kwa siku kadhaa katikati ya jiji huoni rangi nyingine. Huwa nawatazama wakivuka barabara. Wanasalimia wageni kwa kupeana mikono, wanajitambulisha kwa majina kamili. Katika umati huo wasichana wetu wanaovaa hijabu ni wachache mno, na kila mwaka nawatafuta kwa macho.

Ninachokuomba ni kidogo. Wiki hii nenda umwone mwalimu wa kilimo. Muulize tawi linakutana siku gani na nani atamrudisha mtoto nyumbani mkutano ukichelewa. Muulize ada ni kiasi gani, na kama tawi lina mfuko wa kusaidia makoti. Matawi mengi yanao, na kuuliza si aibu. Muulize amewahi kuwa na wanafunzi wahamiaji wangapi, na wamefika wapi. Jibu lake la swali hilo la mwisho litakuambia mengi kumhusu, na likikutia wasiwasi nipigie kabla hujaamua chochote.

Gharama itakayokushinda niletee mimi. Na mwambie mpwa wangu akishaikariri aya ya kwanza anipigie kwa video, anisomee amesimama, asinisomee akiwa kitandani. Jioni yoyote, isipokuwa Jumanne na Alhamisi ninapokuwa zamu ya usiku.

Msalimie shemeji na watoto wote.

Mdogo wako,
Indianapolis