Si kila ndege mdogo ni kwelea

Mhariri,

Tangu makundi ya kwelea yalipovamia mashamba ya mpunga ya Kano mwanzoni mwa mwaka wa 2023, na serikali ikalazimika kunyunyiza dawa mahali walipolala, pameenea hapa Kisumu na viungani mwake mazoea ambayo naomba nafasi niyapinge. Kila ndege mdogo mwenye mdomo mfupi na mnene siku hizi huitwa kwelea, na mtoto hupongezwa akimwangusha kwa manati hata katika ua usio na shina moja la mpunga wala la wimbi. Simlaumu mkulima wa mpunga kule Ahero anayelinda jasho lake, kwa maana kwelea ni adui wa kweli wa nafaka. Ninaowatetea ni ndege wadogo wa uani, yaani chiriku, mshigi, tongo na fumbwe, na njia ninayoipendekeza ni kwamba kila mwenye ua awawekee chakula na kujifunza kuwatambua, kwa kuwa ndege anayekula karibu na dirisha huonekana vizuri kuliko yule anayepita juu kwa kasi.

Kuwavuta hakuhitaji gharama kubwa. Kibao chenye ukingo mfupi, kilichotobolewa ili maji ya mvua yapite na kuwekwa juu ya nguzo, kinatosha, nacho kitiwe konzi moja ya wimbi au mtama asubuhi. Chiriku wa manjano hupenda pia mbegu za alizeti, na wenye bustani wanaweza kuacha kichwa kimoja cha alizeti kikauke kikiwa shambani. Mishigi na tongo huokota sana chini, kwa hiyo nafaka kidogo inyunyizwe pia ardhini, mita mbili au tatu kutoka kichakani, ili ndege wapate pa kukimbilia na paka asipate pa kuvizia. Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna kinachowavuta kama kona ya ua iliyoachwa bila kufyekwa mpaka nyasi zitoe mbegu. Najua fahari yetu ni ua uliofagiliwa ukang'aa, wala sisemi uachwe wote. Kona moja, pamoja na sahani ya maji yenye kina kifupi, itawatosha.

Sasa kuhusu kuwatambua. Mshigi mwenye rangi ya samawati kifuani na mkiani hawezi kumchanganya mtu yeyote, na dume wake ana doa jekundu shavuni ambalo jike hana. Mwenzake mwekundu, mdogo kuliko shomoro, huja mpaka mlangoni mwa jikoni: dume ni mwekundu usoni na kifuani, jike ni wa kahawia, na wote wawili wana wekundu kiunoni, juu ya mkia. Tongo huja wakiwa wamebanana, kichwa cheusi na tumbo jeupe. Chiriku wa manjano ana nyusi za manjano na mstari mweusi unaoshuka kando ya mdomo. Anayeishi upande wa Nakuru atamwona zaidi chiriku wa kahawia mwenye michirizi na nyusi nyeupe. Yupo pia chiriku wa mafunjo, anayeishi katika vinamasi vya ziwa letu kama kile cha Dunga, na huyo hatumtarajii kibaoni, kwani haendi mbali na mafunjo yake.

Anayeponzwa zaidi na jina la kwelea ni fumbwe. Wakati wa kuzaana dume hana utata, kwa sababu aina moja huota mkia mrefu kuliko mwili wake na kuwafukuza wengine wote kibaoni, na aina nyingine huwa nyeusi yenye mng'ao. Lakini jike, na dume pia msimu huo ukiisha, huwa wa kahawia wenye michirizi mgongoni, sawa na kwelea kwa mtu asiyetazama kwa makini. Mtazame kichwani: fumbwe ana mistari iliyokolea, mmoja mweusi na mmoja wa rangi hafifu, ilhali kichwa cha kwelea ni cha kijivujivu na hakina mistari ya namna hiyo. Mdomo mwekundu peke yake si ushahidi, maana fumbwe wengine wanao, na kwelea jike wakati wa kutaga huwa na mdomo wa manjano. Fumbwe huyo mweusi hutaga katika kiota cha mshigi mwekundu, na dume huiga wimbo wa mshigi aliyemlea. Kwa hiyo palipomalizwa mishigi kwa manati, naye hana pa kutaga.

Naomba pia nitahadharishe juu ya usafi. Mahindi yaliyoota ukungu yasimwagiwe ndege. Sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Huko huko, tangu mwaka wa 2005, ugonjwa unaoenezwa kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na ndege wagonjwa umewapunguza sana chiriku wa kijani. Kibao na sahani vioshwe mara kwa mara na kukaushwa juani, wala visiwekwe karibu na banda la kuku, kwa hofu ya kideri, ugonjwa unaoua kuku. Naye aliyepakana na shamba la mpunga au wimbi asiweke chakula kabisa wakati nafaka inapokomaa.

Dawa inayonyunyiziwa kwelea huua pia ndege wengine, hata mwewe anayekula mizoga yao, na kwa sababu hiyo maafisa wa kilimo hawana budi kuhakikisha ni ndege gani waliolala mahali hapo kabla ya kunyunyiza. Gazeti lako linaweza kusaidia, Bwana Mhariri, kwa kuchapisha picha za rangi za kwelea dume na jike kando ya zile za fumbwe, mshigi na tongo, kabla ya mpunga wa msimu ujao kuanza kuchanua.

Msomaji wako,
Kisumu