Mdogo wangu, ile sare ya raundi ya nne

Mdogo wangu, meseji zangu zinakaa tiki moja tu, kwa hiyo naandika huku, labda mtu atakuonyesha.

Watu wanadhani tulikosana sababu ya shamba la bibi. Wewe unajua ni ile chesi. Mi reitingi, ile namba ya kiwango cha mchezaji, 1903, we 1503 na ndo kwanza umeingia kwenye listi ya wenye reitingi, tofauti ya 400 hesabu zinasema mkubwa aokote kama pointi 92 kwenye mechi 100, afu unakuja unanibana toka asubuhi mpaka tumebaki na ngome moja moja, mfalme wako keshafika mstari wa mwisho, poni yako mgongoni kwake inasubiri apishe tu iwe malkia. Kujenga daraja, ile ya ngome kumkinga mfalme akitoka ili poni ipite, si nilikufundisha mimi, barazani kwa bibi, ile ngome iliyopotea tukaweka betri kuukuu?

Mkono wako ulikuwa juu ya ngome, hujagusa bado. Nikasema, "Tugawane mdogo wangu, tumechoka." Ukaniangalia. Hukuangalia ubao hata kidogo, uliniangalia mimi, afu ukanipa mkono, ukawaweka wafalme wote wawili katikati, ukasaini. Tuko mlangoni ndo unaninong'oneza, "Kaka, ngome mstari wa nne, si ndiyo?"

Ulijua! Yaani ulijua na ukanionea huruma mbele ya watoto niliokuwa nawafundisha Jumamosi.

Nikushauri kama kaka yako: mwenye reitingi kubwa akikuomba sare katikati ya vita jua anazama, usimtazame usoni. Hilo nilikuwa sijakufundisha, kweli, ila kuomba sare si wizi jamani, sheria inaruhusu, unacheza kwanza afu unaomba kabla hujabonyeza saa, mi niliomba saa yako inatembea, haya hapo nimekosa. Lakini mwamuzi uliweza kumwita, hukumwita. Na sare yenyewe ilinikata mimi reitingi 8.4, we ikakupa 16.8 kwa vile wachezaji wapya mnahesabiwa mara mbili, sasa aliyeumia nani?

Msibani ulikaa turubai la majirani. Ulipoondoka kwenda Doha nilisikia kwa mama, tena wiki imeshapita.

Ungenifunga tu. Ningenuna siku mbili tatu, ya nne ningekuja kukuomba marudio. Namba yako mpya mpe mama, mi sitamwambia nimeiomba.