Kabla hujaenda kwa bibi

Yohana ndugu yangu,

Mbukwenyi! Habari za nyumbani, watoto, mifugo? Mvua je? Sisi wazima. Mama Neema anashukuru, uwele umefika. Mengine baadaye, nina jambo.

Mpwa wangu anayesomea upimaji ardhi kaniletea ramani ya kwetu, ile ya 1:50,000 iliyochorwa na Waingereza kutokana na picha za ndege, kabla ya Operesheni Vijiji. Nimeitandaza mezani, chakula tunakula mkekani. Yohana, kijiji chetu hakipo! Penye shule na zahanati ni vichaka vitupu. Watu wote wako ng'ambo ya korongo: vidoti vyeusi, tembe moja huku, mbili kule, hadi chini ya mlima. Korongo ni mstari wa bluu uliokatikakatika, maana hukauka kiangazi, na njia za miguu zinakutana pale linapopinda. Si ndipo walipokuwa wakichimba visima mchangani?

Sasa nasikia kamati ya matumizi ya ardhi imeiandika ng'ambo yote ile kuwa pori lisilo na mtu, igawiwe. Pori gani? Yale ni mahame! Mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kuishi vijijini ni amri, wazee wetu wakahama, wakapangwa kandokando ya barabara. Shule tukapata, wewe na mimi tumesoma, sikatai. Lakini makaburi hayakuhama. Babu zetu wamelala kule, wangu na wako.

Tena ramani ina vidoti, majina haina. Majina anayo bibi yako, na yule mzee wa kwa Chilewa, basi. Wakiondoka hawa...

Nakuomba sana, kaa na bibi asubuhi, kabla hajachoka. Muanze na korongo linapopinda, akutajie nani alikaa wapi, zizi la nani, nani kazikwa wapi. Andika hata kwenye daftari la mtoto. Mpwa wangu atayaweka kwenye ramani, tuipeleke mkutano mkuu wa kijiji. Kamati hupendekeza tu. Bila mkutano mkuu kuidhinisha, ardhi ya kijiji haigawiwi.

Bibi bado anasikia vizuri? Mkutano umepangwa lini? Mwenyekiti wa kamati ni yuleyule? Ule mbuyu wenye tundu bado upo? Na wewe, mguu umepona?

Nijibu upesi. Nakala ya ramani anakuja nayo Elia, kwa basi la Ijumaa.

Ndugu yako,
Daudi