Wanaobaki nao waulizwe kabla ya kugawa manispaa

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kumega vijiji kutoka manispaa iliyopo ili kuunda manispaa mpya. Kilio cha wanaotaka kujitenga ninakielewa: ofisi ziko mbali, na bajeti huishia mjini. Lakini mjadala wote unawazungumzia wanaoondoka. Wanaobaki wanaweza kuachiwa madeni na mishahara ileile huku sehemu ya kodi za majengo na ada za leseni ikihama, na hakuna anayewauliza.

Brazil imeyapitia haya. Baada ya Katiba ya 1988, manispaa zaidi ya 1,000 zilizaliwa, nyingi zikiwa ndogo na zikiishi kwa ruzuku. (Kiti cha meya na gari lake hupatikana upesi, mtambo wa maji husubiri.) Mwaka 1996 Katiba ikarekebishwa: utafiti wa uwezo wa kujiendesha utangazwe kwanza, kisha wananchi wa manispaa zote zinazohusika wapige kura ya maoni, wakiwemo wanaobaki.

Nashauri utaratibu kama huo ufuatwe popote pendekezo la aina hii linapoletwa. Kabla ya kura, halmashauri itangaze hesabu za pande zote mbili: mapato, madeni, watumishi, na nani atamiliki shule, zahanati na magari ya taka yaliyonunuliwa kwa fedha za wote. Hesabu hizo zikaguliwe na mkaguzi asiyeteuliwa na upande wowote, na wananchi wapewe muda wa kutosha kuzisoma.

Msomaji wenu