Mhariri, wale watoto wa kwenye manga wanaomboleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita mzazi mmoja aliandika hapa kwamba katuni za Kijapani zinafundisha watoto wetu ugomvi na visasi, na toka siku hiyo sijatulia. Namuelewa kabisa, mtu ukipita sebuleni ukakuta Naruto na Sasuke, wale vijana wawili wa katuni ya Naruto, wanatwangana utafikiri nini kingine? Ila mimi manga, yaani vitabu vya hizo katuni za Kijapani, nasoma toka niko sekondari na nataka nimwambie, wale hawapigani kwa sababu wanachukiana, wamefiwa, na hawajui kulia.

Kuna moja ya zamani vijana wengi huku hawaijui, Ashita no Joe, ilitoka kwenye jarida la Weekly Shonen Magazine kuanzia 1968 mpaka 1973, mchoraji Tetsuya Chiba. Joe ni yatima mtukutu anaishia jela ya watoto, huko anakutana na Rikiishi ambaye alikuwa bondia wa kulipwa, wanazichapa mpaka wote wawili wanaenda chini kwa pamoja. Basi ikawa wanatafutana. Shida ni kwamba Rikiishi mwili wake ni wa uzito wa welter na Joe ni bantam, uzito mdogo zaidi, mwingine angesema huyu dogo si saizi yangu, yeye akaamua kujikondesha mpaka afike kwenye kilo za Joe. Usiku mmoja kiu imemzidi anahangaika kutafuta maji, mabomba yote yamefungwa kwa waya, Yoko, mjukuu wa tajiri mwenye jimu, anamuonea huruma anamletea maji ya moto. Anashukuru, halafu anayamwaga. Nilivyofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Raundi ya 8 Rikiishi anamwangusha Joe na kushinda kwa KO, wanataka kushikana mikono, anaanguka, amekufa. Kule Japani wasomaji walishindwa kabisa kupokea, ikabidi tarehe 24 Machi 1970 afanyiwe mazishi ya kweli kwenye jengo la wachapishaji Kodansha, Tokyo, mshairi Shuji Terayama ndo aliyeandaa na watu kama 700 wakaja. Kwa mtu wa kuchorwa!

Lakini kwangu mimi stori inaanzia hapo. Joe anarudi ulingoni na hawezi tena kumpiga mtu usoni, akijilazimisha anatapika mbele za watu. Na Yoko naye ana jeraha lilelile, maana yeye alikuwepo akiona Rikiishi anajimaliza. Sasa hawa wawili ndo wenye msiba, ungetegemea wakae mkeka mmoja walie, hapana, wanasemana maneno makali kila wakionana. Ila ni Yoko huyohuyo anayemleta bondia Carlos Rivera kutoka Venezuela ili Joe aamke, hajampa pole, kamletea mtu wa kupigana naye, na kweli Joe akaamka. Mpaka pambano la mwisho na bondia José Mendoza, Joe kashindwa kwa pointi yuko hoi, glavu zake anampa Yoko. Nani mwingine angempa?

Naruto ni hivyohivyo, na hii wengi mmeiona, ilienda kwenye Weekly Shonen Jump toka 1999 mpaka 2014, sura 700. Naruto hana baba wala mama, Sasuke ukoo wake umeuawa na kaka yake wa damu. Kuna kipande kifupi wakiwa wadogo, mmoja amekaa peke yake kwenye gati la mbao majini, mwingine anapita juu, wanaangaliana halafu kila mtu anajifanya amekasirika, kumbe akigeuka anatabasamu. Mule ndani kuna stori nzima. Mwisho wake kila mmoja amepoteza mkono wamelala ubavu kwa ubavu hawawezi hata kuinuka, ndo Sasuke anakubali kashindwa. Manga nyingi za siku hizi haziwezi hivi, mpinzani anapewa wazazi waliokufa kwenye kurasa mbili tatu halafu turudi kwenye ngumi, ule msiba haumbadilishi mtu chochote.

Nimeyaandika haya kwa sababu mimi na binamu yangu tulilelewa na bibi mmoja, na bibi alivyofariki hatukuwahi kulia pamoja hata siku moja. Tulichofanya ni kushindana, nani wa kwanza darasani, nani anajaza pipa la maji haraka, mpaka watu wa mtaani wakasema hawa hawapendani. Mwaka juzi ndo akaniambia, kila nikikushinda nilikuwa naangalia mlangoni, pale bibi alipokuwa anakaa. Nikamwambia hata mimi.

Kama yule mzazi anasoma hapa, namuomba amwambie mwanae amtafutie kile kipande cha gatini wakiangalie wote wawili.

Msomaji wako,
Tanga